Naomba ushauri: nimefungwa hogo, nashinda nyumbani, na Whole30 bado siku 19

Habari zenu wapendwa. Nilianza Whole30 nikiwa mzima: siku 30 bila sukari, nafaka, jamii ya kunde wala maziwa. Siku ya nne nikateleza bafuni, nikavunjika mguu. Sasa nashinda sebuleni, hatua chache kutoka jikoni. Leo ni siku ya 11.

Njaa si tatizo. Magimbi, viazi vitamu, mayai, samaki wa nazi na mchicha vinanishibisha vizuri. Taabu ni saa kumi jioni, chapati zinapochomwa na chai ya maziwa inachemka. Hata karanga siruhusiwi, maana nazo ni jamii ya kunde. Korosho ruksa, ila bei yake mnaijua. Na ukionja tu, unaanza upya siku ya kwanza.

Kinachoniumiza zaidi ni mama. Ananiuguza kwa moyo wote, akileta uji wa ulezi wenye maziwa nakataa, naona anavyonyong'onyea. Anasema mfupa hauungi bila maziwa. Nimemwambia dagaa nawala na mifupa yao na kalsiamu imo, hajaridhika.

Mliopitia haya, jioni mlitafuna nini? Na mama nimwambieje asione nimemdharau? Au nisimamishe kwanza mpaka mguu upone?