Marekebisho ya 15 au ya 24: nichague yapi?

Mpwa_wa_Temeke: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi natoa mada kuhusu marekebisho ya Katiba ya Marekani yaliyosaidia zaidi usawa wa kura. Nimebaki na ya 15 (1870, kura isizuiwe kwa sababu ya rangi) na ya 24 (1964, mtu asizuiwe kupiga kura kwa kutolipa kodi). Nichague yapi?

Wakili_Kivuli: Mleta mada, hujasema unaongea na nani wala kwa dakika ngapi. Na ya 14 umeyaacha kwa nini? Hayo ya 1868 ndiyo yaliyomfanya mtumwa aliyeachwa huru kuwa raia.

Mpwa_wa_Temeke: Samahani mkuu. Ni kidato cha sita, dakika 10, natakiwa nichague moja tu.

BintiKisauni: Chukua ya 19, ya kura ya wanawake. Agosti 1920, bunge la jimbo la Tennessee, mbunge Harry Burn ana miaka 24, kifuani kabandika waridi jekundu la wapinzani, mfukoni ana barua ya mama yake inayomsihi akubali. Akakubali, na kura yake ndiyo iliyovusha. Hapo hasinzii mtu.

Kaka_Mkubwa: Dada, mwanamke mweusi wa Mississippi alipata nini 1920? Fannie Lou Hamer alikwenda Indianola kujiandikisha 1962. Akaambiwa aeleze kifungu cha katiba ya jimbo, akakwama, na siku hiyohiyo akafukuzwa kwenye shamba alilolitumikia miaka 18. Ya 15 yapo, ya 19 yapo! Kilichowasaidia watu kama yeye ni Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965.

Wakili_Kivuli: Na Bunge liliitunga kwa mamlaka ya nani? Soma ibara ya 2 ya hayo ya 15, inayolipa Bunge mamlaka ya kuyatekeleza kwa sheria.

Mkongo_Ohio: Niwaambie yaliyonikuta huku. Nimepata uraia, nimejiandikisha. Cheti kina majina matatu, leseni ya udereva mawili. Siku ya kura karani akashusha kidole kwenye orodha, akapandisha, akasema sipo, nirudi nyumbani. Foleni nyuma inanung'unika. Mama mmoja mzee, mweusi, msimamizi wa meza ya pili, akainuka: "Mpeni kura ya muda, ni haki yake." Yaani kura inayowekwa kando mpaka wahakiki jina lako. Nikajaza fomu, nikatia sahihi juu ya bahasha. Baadaye ikaja barua kwamba haikuhesabiwa, majina hayalingani. Iliniuma sana. Katiba ilishanikubali, nikakwamia mezani. Kwa hiyo mimi nasema ya 24, maana yalipiga vita vikwazo vya mezani.

Mzee_wa_Pangani: Pole sana mwanangu. Hiyo kodi ya kupigia kura iliyofutwa na ya 24, si ndiyo kodi ya kichwa ya mkoloni?

Wakili_Kivuli: Hapana mzee wangu. Mkoloni alikusaka mpaka ulipe. Virginia walitaka dola 1.50 kwa mwaka, na uwe umeshalipia miaka mitatu nyuma, lakini hakuna aliyekufuata. Usipolipa ndiyo furaha yao. Tena ya 24 yaligusa uchaguzi wa shirikisho tu, yaani wa rais na Bunge la taifa. Kodi hiyo kwenye chaguzi za majimbo ilizikwa na Mahakama ya Juu 1966, kesi ya Harper, kwa kutumia ya 14.

BintiKisauni: Umezunguka kote urudi kwenye ya 14 yako!

Mpwa_wa_Temeke: Wakuu, sasa yamekuwa manne.

Mzee_wa_Pangani: Na wafungwa je? Maana weusi wengi kule wamenyimwa kura kwa njia hiyo.

Kaka_Mkubwa: Maine na Vermont wanapiga wakiwa ndani, hata waliohukumiwa kwa makosa makubwa. Majimbo mengine, hao wa makosa makubwa hapana.

BintiKisauni: Hapa Kenya 2017 walipiga ya rais tu. Mfungwa wa Shimo la Tewa asimchague gavana kwa nini?

Wakili_Kivuli: Gavana wa kaunti ipi, alikofungwa au kwao?