Kompleksi analisisi: mbona 1/z inagoma kutoa sifuri?

Binti_Makulu:
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa tatu hapa Dodoma nasoma digrii ya hesabu, test imebaki wiki mbili na hii kompleksi analisisi (kalkulasi ya namba z = x + iy, ambapo i² = -1) inaninyima usingizi. Rio analisisi, ile ya namba za kawaida, nilipita vizuri, epsiloni na delta sina shida nazo, ila huku naona vitu vinatokea tu bila sababu. Mfano ukiintigreti 1/z kuzunguka duara la nusu kipenyo 1 unapata 2πi, ila 1/z² duara hilohilo unapata sifuri. Zote zinalipuka pale z=0, tena 1/z² ndo inalipuka zaidi, sasa mbona yenyewe ndo inatulia? La pili, tunaambiwa fankisheni ikidiferenshietika mara moja kwenye eneo basi inadiferenshietika milele. Kwenye namba za kawaida hilo halipo, x|x| pale sifuri inakubali mara moja tu inaishia hapo. Sitaki kukariri nijibu pepa halafu nisahau, nataka nije nifundishe. Anayeweza kunielezea taratibu naomba.

mchunga_mbuzi:
Mdogo wangu hilo swali la kwanza ndo moyo wa kozi nzima. Chukua daftari ufanye kwa mkono. Kwenye duara z = e^(it), t inatoka 0 mpaka 2π, dz = i·e^(it) dt. Ukiweka kwenye 1/z, e^(it) zinakatana inabaki i peke yake, hapo 2πi umeshaipata. Ukiweka kwenye 1/z² inabaki i·e^(-it), hiyo inazunguka raundi nzima na kila kipande kina mwenzake upande wa pili wa kumfuta, jumla sifuri. Jaribu 1/z³, jaribu z², zote sifuri, ni 1/z tu inayobaki.

Sababu yake: 1/z² ina antiderivativu (fankisheni ambayo ukiidiferenshieti inakurudishia 1/z²), nayo ni -1/z, ukirudi ulipoanzia unaikuta na thamani ileile. Ya 1/z ni logi, na ndani ya logi kuna pembe. Mimi nimekulia Bahi, tumechunga sana. Mbuzi ukimfunga kamba kwenye mti akauzunguka mara moja, anarudi palepale aliposimama, majani yaleyale, ila kamba imeshajiviringisha raundi moja kwenye mti. Akizunguka sehemu ambayo mti haumo ndani ya njia yake, kamba inarudi ilivyokuwa. Mti ndo z=0, kamba ndo logi, raundi moja 2πi, raundi mbili 4πi, akigeuza upande inakuwa -2πi. Duara liwe dogo au kubwa kama uwanja wa mpira jibu halibadiliki.

Kondoa_Hesabu:
Mkuu hapo juu kamaliza la kwanza, niongezee la pili. Kwenye mstari h inaijia sifuri kutoka kulia au kushoto basi, huku inakuja kutoka kila upande na zote zinatakiwa zikubaliane. Chukua konjugeti ya z, yaani x - iy. Ukienda kwa x unapata 1, ukienda kwa y unapata -1, haidiferenshietiki popote japo inaonekana nyepesi kabisa. Masharti ya Cauchy na Riemann (f = u + iv, basi u_x = v_y na u_y = -v_x) yanatoka hapohapo. Sharti ni kali, ndo maana zawadi yake kubwa.

Sasa angalia fomula ya Cauchy: f(a) = (1/2πi) ∮ f(z)/(z-a) dz, ∮ ni intigreti ya kuizunguka a raundi moja. Ni ileile 1/z imehamishiwa a! Upande wa kulia a imekaa kwenye 1/(z-a) tu, na hiyo unaidiferenshieti mara unazotaka. Kwa hiyo f nayo inafuata. Maswali yako mawili ni swali moja dada.

pasti_pepa:
Kwa ajili ya test anza na residyu. Intigreti 1/(1+x²) toka -∞ mpaka ∞ kwa arctan, unapata π. Halafu rudia kwa nusu duara la juu, poli (pale fankisheni inapolipuka) iko i, residyu (namba inayokaa juu ya 1/(z-i)) ni 1/(2i), zidisha na 2πi, π tena. Ukishaona zimelingana hamia 1/(1+x⁴), utapata π/√2. Ila usisahau kuonyesha kwamba tao linakufa, yaani intigreti ya juu ya nusu duara inaenda sifuri nusu kipenyo R kikikua, urefu wake πR na fankisheni haizidi 1/(R²-1), wengi wanaruka hapo na maksi zinaondoka, wakati ndo penye hesabu yenyewe.

Binti_Makulu:
Asanteni sana jamani, nimekaa na daftari toka saa mbili usiku. Nimejaribu 1/(z²+1) duara la nusu kipenyo 2 nikapata sifuri, nikadhani nimekosea, kumbe poli ni mbili, i na -i, residyu 1/(2i) na -1/(2i). Ni kama miti miwili kamba inaviringika huku inafunguka kule, ndivyo?

mchunga_mbuzi:
Ndivyo kabisa. Sasa chora duara dogo linaloizunguka i peke yake uniambie unapata ngapi.

Binti_Makulu:
π!! Ileile ya arctan.