Mrejesho: mdogo wangu na uanagenzi wa kiwandani

Wakuu, niliwauliza kama mdogo wangu aende kidato cha tano au uanagenzi pacha wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), ule wa kugawana muda kati ya chuo na kiwanda. Akachagua uanagenzi, ufundi mitambo.

Mlinishauri tukikague kiwanda kwanza, tukapuuza. Kikampa ufagio miezi miwili! Mwalimu wake wa chuo alifuatilia, mdogo wangu akahamishiwa kwingine. Sasa yuko kwenye mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Juzi alirudi na shafti (fimbo ya chuma ya mashine) aliyoiharibu: kipenyo kimepungua 0.05 mm, unene wa unywele mwembamba tu, fundi mkuu akaikataa. Ameiweka mezani kwake, na kila jioni anaipima upya kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, ya kuazima. Asanteni sana, nimefurahi mno.