Naomba ushauri: raba za milango zimechoka, maji yanaingia ndani

Wakuu, habari zenu. Nina gari la mwaka 1993, injini bado nzima, ila mvua ikinyesha kapeti la upande wa dereva linalowa chapachapa. Raba ya mlango huo imekakamaa, ukiibonyeza kwa kidole hairudi, na kona ya juu imepasuka. Nilibana kipande cha karatasi kwenye kila mlango: ya nyuma inakishika vizuri, huu wa dereva kinachomoka bila kuvuta.

Fundi mmoja aliipaka grisi ya kawaida, ikavimba na kulegea zaidi. Baadaye nikaelewa kwamba raba inataka silikoni, siyo grisi au mafuta yatokanayo na petroli.

Sasa naomba kujua, raba ya kukata kwa mita, yenye bati ndani, inakaa sawa kwenye kona? Au nitafute iliyotengenezwa kwa mlango huo? Nilipoivuta kidogo nikakuta kutu ukingoni, nahisi lazima niikwangue na kupaka rangi kwanza.

Pia urembo wa ubavuni umeachia, klipu zimekatika. Naambiwa nigandishe kwa gundi, lakini naogopa maji yatanasa nyuma yake. Aliyewahi kufanya kazi hii anielekeze tafadhali, gari hili nalipenda sana.