Watoto wetu njiani kutoka masomo: tupeane uzoefu (Lubumbashi)

Jambo wazazi, jambo walimu. Tukizungumzia usalama wa shule hapa Lubumbashi, habari huishia kwenye ukuta na sentineli wa mlangoni. Kwetu Katuba taabu iko njiani. Shule nyingi zinafundisha kwa zamu mbili, na wa mchana wanatoka jua likielekea kuzama. Mwezi wa sita wanafika nyumbani giza limeingia, umeme ukikatika ndiyo zaidi. Vijana wa kona wanawavizia: simu, nauli, hata viatu.

Komite yetu ya wazazi iliamua watoto wa avenyu moja watoke pamoja, wakubwa wakiwashika wadogo mkono, na mzazi mmoja kwa zamu asimame pale njia inapopita nyuma ya soko. Vijana walihama kona. Ila mimi lililonigusa ni kwamba watoto walianza kusema. Binti mmoja alikuwa akitoa hela yake ya mkate kila siku tangu Januari, na nyumbani hakuna aliyejua!

Ninyi mmefanya nini kwenu?

Mwalimu, Kampemba
Kwetu aliyeshtaki alikuwa anaadhibiwa pamoja na aliyemwonea, eti wamegombana wote. Nani atasema tena? Prefe mpya, yaani mkuu wa shule, aliacha kila darasa lichague mwalimu wa kupokea mashtaka. Tulijua habari za kisu kabla hakijatoka mfukoni.

Mama wa Kamalondo
Hao wa kona nao ni watoto, tusisahau. Mmoja alikamatwa na simu ya mwanafunzi, watu wakaanza kuita tairi wamchome moto. Shefu wa katiye, mkuu wa mtaa, alimfungia ndani ya uwanja wake mpaka wakatulia. Alikuwa na miaka 13. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi: aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia, na kuanzia hapo hadi 18 kesi ni ya mahakama ya watoto. Kumbe alifukuzwa sekondari kwa kukosa minervali, yaani karo. Wazazi wa avenyu walichanga, akarudi darasani.

Mwanzilishi wa mada
Mama wa Kamalondo, asante sana. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya msingi tu, na kwetu wengi wanaangukia hapohapo, wakiingia sekondari. Huo mchango mliukusanya kwa mwezi au kwa muhula? Na nani aliushika?