Naomba ushauri: chokoleti za protini bila maziwa wala mayai

Wakuu habari zenu, nataka kutengeneza vitafunio vya chokoleti vyenye protini nyingi nyumbani, situmii maziwa, mayai wala asali, kwahiyo nategemea siagi ya karanga (ina kama gramu 25 za protini kwa kila gramu 100), tende, kakao na unga wa protini ya njegere. Sasa huo unga unanyonya maji balaa, donge linakauka alafu linakuwa chengachenga mdomoni, mnaulainishaje? Niongeze maziwa ya soya au nipunguze unga tu? Na chokoleti ya kuchovyea, najua tone la maji likiingia inashikana mabonge, je mafuta ya nazi kidogo yanatosha kuifanya iwe nyepesi? Mwenye vipimo anavyoviamini anisaidie jamani, nataka viwe vitamu kweli.