Kamusi imewanogea Gredi ya Nne, lakini wengine wanaachwa nyuma. Nifanyeje?

Mwalimu_Ahero: Walimu wenzangu, hamjambo? Nafundisha Kiswahili Gredi ya Nne huku Ahero, Kisumu. Muhula huu nilianzisha mchezo: nataja neno, wao wanashindana kulitafuta kwenye kamusi. Wee! Kengele ya mapumziko inalia na hakuna anayetoka. Wamejigundulia wenyewe kwamba P ikiisha inakuja R, Q haipo, wakabishana nusu kipindi imeenda wapi. Shida ni kwamba kamusi ni moja kwa watoto sita, na aliye mwepesi ndiye anayeishika. Halafu kuna wanaotafuta "zawadi" kwenye S, wakikosa wananiambia kamusi ni mbovu.

NyarKisumo: Hao wa zawadi usiwagombeze, mwalimu. Kijaluo hakina z wala sh, mtoto anatafuta anavyotamka. Wangu nimewazoesha: ukikosa kwenye S, nenda Z, kisha SH. Akilifumania mwenyewe, tahajia hiyo haimtoki.

Omundu_wa_Bungoma: Huku kwetu ni B na P. "Baba" anasakwa kwenye P mpaka basi 😂

MamaGredi: Mimi ningeondoa mbio kabisa. Mmoja afungue, mwingine asome maana, wa tatu atunge sentensi, kisha wabadilishane. Na kuna jambo linalowakwamisha kuliko herufi: neno la kitabuni si lile la kamusini. Mtoto anatafuta "walicheza" kwenye W, "macho" kwenye M, "nyuso" kwenye N, anakata tamaa. Wafundishe kulivua neno kwanza. Toa wa-, toa -li-, unabaki na cheza. Macho yako kwenye jicho, nyuso kwenye uso. Chukua gazeti kuukuu, wape sentensi moja, wayavue maneno yote kabla ya kugusa kamusi. Kamusi moja itawatosha sita, maana kazi kubwa inafanyika nje yake.

Jamaa_wa_Kondele: Si mtumie ya simu tu?

MamaGredi: Simu ya nani, ndugu yangu? Na ya simu unaandika neno, linakuja. Mpangilio wa alfabeti watajifunzia wapi?

Mwalimu_Ahero: Asanteni sana. Hilo la kuvua maneno naanza nalo Jumatatu. Swali dogo: wale wanaokaa nyuma darasani wanatafuta matusi. Niwanyang'anye?

NyarKisumo: Usiwanyang'anye. Aliyelipata asimame mbele, asome maana na ngeli kwa sauti. Hatarudia.